Uliza Fundi: Kabati la Mbao Nyeusi na Nyeupe

SWALI: Fundi, nataka kutengeneza kabati la ukutani lenye mlango mmoja wa sm 40 kwa 60, kwa mbao nyeusi na nyeupe. La kwanza niligawa rangi nusu kwa nusu, likawa kama ubao wa drafti. Nilipopiga msasa, weupe ukageuka kijivu. Nimekosea wapi?

JIBU: Huo mgawanyo ndio uliokuponza. Rangi moja iwe mwenyeji, nyingine mgeni. Fremu nyeusi ya upana wa sm 4 kuzunguka paneli nyeupe inachukua karibu theluthi ya mlango, na inatosha. Labda uongeze kishikio cheusi. Fremu itoke kwenye mbao ya nyuzi zilizonyooka, mawimbi uyaachie paneli.

Fikiria pia miaka ijayo. Ukitumia mvule kama mbao nyeupe, ukiuranda leo una umanjano, lakini mwanga utaugeuza kahawia, na utofauti utafifia. Mpingo hauna wasiwasi huo, ila unamaliza makali ya patasi.

Ule ukijivu ni vumbi la mbao nyeusi, msasa umelisukumia kwenye vinyweleo vya nyeupe. Likishaingia, kupangusa ni kazi bure. Piga msasa kila kipande peke yake kabla ya kuunganisha, hadi namba 180, kisha paka shelaki (vanishi ya spiriti) mkono mmoja kuziba vinyweleo, ila usiguse sehemu za kutiwa gundi. Maungio yakihitaji kusawazishwa baadaye, tumia randa kali: inatoa maranda, si vumbi.

SWALI: Paneli niigundishe kwenye fremu isicheze?

JIBU: Usithubutu, itapasuka. Mbao huvimba na kusinyaa kwa upana. Kwa urefu ni kidogo mno. Mfuo, yaani mfereji wa ndani ya fremu unaopokea paneli, ukiwa na kina cha mm 10, kutoka sakafu ya mfuo wa upande mmoja hadi ya upande wa pili mna sm 34. Kata paneli upana wa sm 33.6, ibaki mm 2 kila upande. Kama mbao ni kavu sana, acha zaidi, maana itavimba. Tone moja la gundi katikati juu na jingine chini yataifanya isinyae sawasawa pande zote. Kingo zake zipakwe vanishi kabla hazijaingia mfuoni, la sivyo ikisinyaa utaona mstari mkavu usiopakwa ukichungulia kando ya fremu. Mwisho paka vanishi ya maji, kwani ya mafuta huutia weupe umanjano.