Umekata bima gani hasa?

Mimi ni wakala wa bima hapa Mtwara, na swali ninalolisikia kuliko yote ni hili: "Nimelipia bima, mbona hawanilipi?" Mara nyingi mtu kalipia kitu tofauti na alichodhani.

Tuanze na gari. Bima ndogo humlipa uliyemgonga. Noah yako ikivaana na bodaboda pale njia panda ya Mnazi Mmoja na kosa likawa lako, anayeangaliwa ni mwenye bodaboda. Boneti na taa zako utajua mwenyewe, labda uwe na bima kubwa.

Bima ndogo inachokata ni dhima, yaani wajibu wako kisheria wa kumfidia uliyemdhuru, na kampuni imeubeba kwa niaba yako. Ndiyo maana haitaki uzungumze peke yako. Huku kwetu ajali ikitokea wazee huitana, karatasi ikaandikwa "nitamtibu mpaka apone", mwenye gari akasaini. Ni utu, sikatai. Ila mikataba mingi inakataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni kwa maandishi. Mpeleke majeruhi hospitali, toa taarifa polisi, piga simu kwenye kampuni. Karatasi ya wazee isubiri.

Wenye maduka na maghala huumizwa na thamani ya bima. Tuseme una mzigo wa milioni 30, ukaukatia bima ya milioni 20 ili ada ipungue. Moto ukateketeza mali ya milioni 9. Unahesabu tisa zako, maana ishirini haijafika. Kumbe ulikatia theluthi mbili tu, kwa hiyo unalipwa theluthi mbili ya hasara: milioni 6. Bado eksesi, ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe. Ikiwa asilimia 10 ya madai, unabaki na milioni 5.4. Kwa hiyo msimu wa korosho ghala likijaa, ongeza thamani. Kiwango cha Juni hakitoshi Novemba.

Na bima ya moto ni ya moto. Kimbunga Hidaya kilipotufikia Mei 2024, aliyekatia moto na radi peke yake hakuwa na cha kudai kwa mali iliyolowa. Dhoruba na mafuriko huongezwa kwenye mkataba, kwa ada yake. Hapa nawalaumu mawakala wenzangu: wengi hatulitaji mpaka tuulizwe.

Madai yakikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Usiporidhika, zipeleke kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima pamoja na nakala ya mkataba.