Mama Yako Hayumo Kwenye Orodha, na Huenda Kosa ni Lako

Juzi usiku dada mmoja ameniandikia. Mama yake ana miaka 71, ana presha na sukari, na kila mwezi yeye na wadogo zake wanachangishana hela ya dawa. "Kaka, si wanasema wazee wanatibiwa bure? Mbona sisi tunalipishwa? Hili jiji linawafanyia nini wazee?"

Nilitaka kumjibu mistari miwili nilale. Nikashindwa, maana swali hilohilo niliwahi kuuliza mimi, tena kwa kupiga kelele, nimeshika karatasi ya vipimo, watu wote kwenye foleni wakinitazama. Nesi akaniuliza swali moja tu: "Kadi ya mzee iko wapi?" Sikuwa nayo. Nikamwambia, "Kwani humuoni kwamba ni mzee?" Mama akanivuta shati.

Sasa nianze na jambo ambalo halinifurahishi kulisema. Kwa miaka miwili nilijua kadi hiyo ipo. Mjumbe alipita nyumbani akasema wazee wa mtaa wanaandikishwa, nikamwambia mama yangu hahitaji. Niliposoma kwenye tangazo la kuwaandikisha maneno "wazee wasiojiweza", damu ilinichemka. Mama yangu ambaye amenisomesha kwa maandazi, aandikwe asiyejiweza? Mimi nipo hai, nina duka la vipuri vya pikipiki, nina bajaji mbili barabarani! Dawa zake zilikuwa zinakula kama shilingi 32,000 kwa mwezi, nikawa nalipa na kifua mbele. Basi bajaji moja ikapata ajali, nyingine ikarudi kwa mwenye mkopo. Mengine sitayasimulia. Itoshe kusema kuna mwezi nilimnunulia mama dozi ya wiki mbili nikamwambia duka la dawa limeishiwa.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza jiji linavyofanya kazi. Nakushauri usingoje kufika nilipofika mimi.

Hapa Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Matibabu bila malipo yapo, ila kwa wale wasiojiweza, na kazi ya kuwatambua na kuwapa vitambulisho iko kwa halmashauri. Halmashauri nayo haimjui mama yako. Inaletewa majina kutoka kwenye mitaa, afisa ustawi wa jamii anayapitia, ndipo kadi zinatengenezwa. Kwa hiyo ukienda kugombana dirishani unagombana na mtu wa mwisho kabisa kwenye mnyororo, ambaye hana uwezo wa kuandika jina wala kulifuta. Jina linaanzia serikali ya mtaa. Nenda serikali ya mtaa.

Nilienda nikiwa na picha ndogo mbili za mama na kitambulisho chake cha taifa. Mtendaji akakisoma, akanitazama, akakisoma tena. "Mama hajafika 60, bwana." Nikacheka. Akanigeuzia: 1967. Ndugu zangu, kaka yangu mkubwa amezaliwa 1979! Kwa hesabu hiyo mama alijifungua akiwa na miaka kumi na miwili. Nikarudi nyumbani moto mmoja, nikamuuliza. Akaendelea kuchambua mchele. "Yule kijana wa kuandikisha aliniuliza mwaka, nikamwambia aandike sitini na saba." Kwa nini, mama? "Siku ile nilikuwa nimependeza."

Mwezi na nusu uliishia hapo. Afisa ustawi wa jamii, dada mdogo aliyenivumilia kuliko nilivyostahili, alinielekeza nitafute cheti cha ubatizo na hati ya kiapo. Cheti kilipatikana parokiani kijijini, kimeandikwa kwa wino wa bluu uliofifia: amebatizwa 1959. Nilipokiona nilikaa kwenye benchi la kanisa nikacheka peke yangu. Basi, angalia kitambulisho cha mzee wako leo, kabla hujakihitaji. Wazee wengi wa rika lile tarehe zao ziliandikwa kwa kukadiria, na wengine, kama huyu wangu, walijipangia wenyewe.

Kilichoniuma zaidi kilitoka nyumbani. Kaka huyohuyo wa 1979 aliandika kwenye kundi letu la familia la WhatsApp kwamba nampeleka mama kuombaomba serikalini na kuwaaibisha. Aliandika akiwa mbali, na mwaka ule hakuwa ametuma hata ya panadoli. Sikumjibu. Nilikaa na simu mkononi hadi saa saba usiku nikiandika na kufuta. Mpaka leo tukikutana kwenye misiba tunasalimiana vizuri, lakini lile neno "kuombaomba" bado lipo. Na najua liliniingia kwa sababu miaka miwili nyuma lilikuwa neno langu.

Mtu aliyenifungua macho ni mwenyekiti wa baraza la wazee la mtaa wetu. Mwalimu mstaafu, anatembea na fimbo na kaunta buku lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Hata sikuwa najua kwamba mtaa una baraza la wazee. Sera inayataka mabaraza hayo kuanzia ngazi ya chini kupanda juu, ili wazee wawe na mahali pa kusemea. Mzee akanifungulia buku lake: majina, umri, ugonjwa, nani anaishi na nani. Mengine yamepigwa mstari kwa rula. Nikadhani ndio waliokwisha kupata kadi. "Hapana mwanangu," akasema, "hao waliondoka wakisubiri." Nilihesabu tisa kwenye ukurasa mmoja, kisha nikaacha kuhesabu.

Akanieleza pia mambo ya fedha, kwa sauti ya mwalimu anayerudia somo. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti inapikwa miezi mingi kabla, na viungo vyake vinatakiwa kutoka kwenye vikao vya mitaa na kata. Kwenye vikao hivyo vijana wanaomba, akina mama wanaomba, wafanyabiashara wanalia na ushuru. Wazee wakija wanapewa viti vya mbele na soda, wanaombwa wafungue kwa dua, basi. Angalia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inatakiwa kuitenga kwa mikopo ya vikundi: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Wazee hawana fungu lao. Mama wa miaka 65 anayefuga kuku ataingilia mlango wa wanawake. Baba wa umri uleule aingilie wapi?

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Kenya nao wana Inua Jamii, shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi kwa waliofika 70. Sisemi hela hizo zinatosha. Nasema kule swali kubwa ni umri, hakuna anayemuuliza mzee athibitishe kwamba hajiwezi. Kwangu mimi hilo neno ndilo tatizo. Likiondolewa, nusu ya watoto wenye kiburi kama mimi watawaandikisha wazazi wao kesho asubuhi.

Lakini halijaondolewa, na presha ya mama yako haisubiri sera irekebishwe. Kwa hiyo meza kiburi. Mnaokaa mijini mnapenda kulaumu jiji kwa mambo ya lami na taka, na mna haki, ila niambie: lini mara ya mwisho ulikwenda kwenye mkutano wa mtaa? Unamjua mtendaji wako kwa jina? Mimi nilikuwa namjua mchezaji wa akiba wa Simba kabla sijamjua mwenyekiti wa mtaa wangu. Mzee wako hana nguvu za kufuatilia karatasi ofisi tatu kwa daladala mbili, kazi yake ilikuwa kukuzaa na kukulea, na hiyo kaimaliza. Wewe ndiye miguu yake. Nenda serikali ya mtaa, uliza orodha, hakikisha jina, rudi baada ya wiki mbili uulize tena. Nenda na heshima, maana mimi nilianza na makelele na ilinibidi nirudi kuomba radhi, na kuomba radhi kwa nesi uliyemfokea mbele ya foleni si jambo jepesi.

Na usitegemee miujiza. Kadi ya mama ilitoka mwezi wa tano tangu nianze. Siku ya kwanza kuitumia kumuona daktari hatukulipa, kupima hatukulipa. Kati ya dawa tatu, mbili zilikuwepo, ya tatu tukaandikiwa tukanunue nje. Kutoka 32,000 hadi 9,000. Dada uliyeniandikia, hesabu hiyo ndiyo jibu langu kwako.

Siku hiyo mama alivaa kitenge chake cha harusi ya mdogo wangu, kadi ameifunga kwenye leso pamoja na nauli. Tukakaa kwenye benchi. Nesi akatoka, ni yule yule, akaita: "Wazee, piteni mbele!" Benchi zima likainuka, fimbo zikagonga sakafu. Mama hakusogea. Nikamgusa bega. Akatazama dirishani kama hajasikia, hadi nesi alipokuja mwenyewe akamwita kwa jina.