Picha haina kitu, kiuno kinaniua

Maswali ya wiki hii ni ya maumivu yasiyokwisha. Mimi si daktari. Ni mgonjwa wa mgongo, mwaka wa tisa huu, na mabenchi ya kliniki nayajua hadi lile linaloyumba.

Kiuno kinaniuma mwaka wa pili. Nimepiga eksirei, daktari akaitazama nusu dakika, akasema, "Mama, huna kitu." Au najitia ugonjwa? (Mama Zuu, Mbagala)

Hujitii, dada. Eksirei inaonyesha mifupa. Maumivu hayana picha. Wapo wasioumwa popote ambao MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili, inawakuta na pingili za mgongo zilizochakaa, na wapo wenye picha safi wanaokesha wakilia. Maumivu yakipita miezi 3 huitwa sugu, na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 inakubali kwamba yanaweza kuwa ugonjwa unaojitegemea.

Ukirudi, usiseme "inauma sana". Foleni nzima inasema hivyo. Mimi siku niliyosema, "Siwezi kuinama, viatu ananifunga mwanangu," daktari aliweka kalamu chini, akanitazama. Basi andika kwenye karatasi unachoshindwa kufanya, dawa ulizokwisha kumeza, na swali moja: "Unadhani ni nini, na kama sivyo tutajuaje?"

Ila mguu ukiishiwa nguvu, mkojo ukikutoka bila habari, au sehemu za siri zikifa ganzi, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Naendesha bodaboda. Diklofenaki, dawa ya maumivu, nameza asubuhi na jioni tangu mwaka jana, nanunua mwenyewe dukani. Kuna shida?

Ipo, kaka. Inachubua tumbo hadi vidonda na inaumiza figo, hasa kwa mtu anayeshinda juani bila maji. Kapime figo na presha. Ukiona choo cheusi kama lami, hiyo ni dharura. Wala usiikimbilie parasetamoli kwa pupa: mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na dawa nyingi za mchanganyiko tayari zinayo ndani.

Nimepewa amitriptilini. Kusoma karatasi yake, kumbe ni ya sonona! Daktari kaniona kichaa?

Yangu niliitupia kabatini wiki mbili kwa hasira. Kumbe kwa dozi ndogo hutuliza maumivu ya neva na huleta usingizi, ndiyo maana humezwa usiku. Kosa la daktari ni kutokueleza, na hilo mwambie. Mdomo utakauka, na asubuhi za mwanzo utaamka mzito. Usiiache ghafla bila kumuuliza.

Nashtuka saa nane usiku, silali tena mpaka adhana ya alfajiri.

Usiku mbovu huyazidisha maumivu, nayo maumivu yanauvunja usiku unaofuata. Anza na saa ya kuamka: iwe ileile kila siku, hata ukilala vibaya. Ukilalia ubavu, weka mto katikati ya magoti. Chai iishie alasiri. Ukishtuka usingizi usirudi, toka kitandani ukakae kwenye kiti, simu uiache chumbani. Na likague godoro. Langu lilishafanya shimo kama bakuli, nami nikilaumu uti wa mgongo.

Mume wangu anasema nadeka.

Nenda naye kliniki akasikie mwenyewe. Mkirudi, ndoo abebe yeye.