Maswali na Majibu: Dafnia na Kipimo cha Sumu cha Saa 48

Maswali ya safari hii yote yanahusu namna ya kupima sumu ya muda mfupi ya kemikali kwa wanyama wa majini wasio na uti wa mgongo. Nimeyafupisha bila kubadili maana yake.

Kwa nini maabara nyingi huanza na dafnia, mnyama ambaye wengi wetu hatujawahi hata kumwona?

Dafnia ni krasteshia, jamii moja na kaa na kamba, anayeishi katika maziwa na madimbwi yasiyo na chumvi. Jike wa spishi itumiwayo zaidi, Daphnia magna, hufikia urefu wa takriban milimita 5. Huchuja mwani majini kwa chakula, naye huliwa na samaki wadogo, kwa hiyo akitoweka mwani huongezeka kupita kiasi na samaki hukosa lishe. Mwili wake ni angavu kiasi kwamba moyo unaonekana ukidunda chini ya hadubini. Lakini sababu kubwa ya kimaabara ni uzazi wake: katika mazingira mazuri jike huzaa bila dume, na watoto wake huwa nakala za mama kijenetiki. Mtafiti hupata wanyama wengi wa umri mmoja na asili moja, jambo linalopunguza tofauti ambazo zingemchanganya wakati wa kusoma matokeo.

Nimesoma kwamba kipimo hiki hakihesabu wanyama waliokufa bali wale "waliolemaa". Tofauti ni nini?

Kwa mnyama mdogo namna hii, ni vigumu kusema kwa hakika kwamba amekufa, kwa kuwa anaweza kulala chini bila kusogea huku moyo ukiendelea kupiga. Ndiyo maana mwongozo namba 202 wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD), uliorekebishwa mwaka 2004, unaweka kigezo ambacho watazamaji wawili wanaweza kukubaliana: chombo hutikiswa taratibu, na dafnia asiyeweza kuogelea ndani ya sekunde 15 huhesabiwa kuwa amelemaa, hata kama vipapasio vyake bado vinacheza. Hesabu hufanywa baada ya saa 24 na tena baada ya saa 48. Kutokana nayo hukokotolewa EC50, yaani ukolezi (kiasi cha kemikali katika kila lita ya maji) unaokadiriwa kulemaza nusu ya wanyama. Tuseme vyombo vina miligramu 1, 2, 4, 8 na 16 kwa lita, kila ukolezi una wanyama 20, na baada ya saa 48 waliolemaa ni 0, 2, 9, 17 na 20. Hata kabla ya kukokotoa, unaona kwamba nusu inafikiwa juu kidogo ya miligramu 4. Kwa wanyama hawa wenyewe, mtoni, kulemaa hakutofautiani sana na kufa, kwani asiyeogelea hawezi kumkimbia adui.

Mimi ni mwanafunzi. Katika kundi langu la ulinganisho, lisilo na kemikali, wanyama 3 kati ya 20 walilemaa. Ukolezi mwingine ulitoa matokeo mazuri. Je, naweza kuendelea na hesabu?

Hapana, na ninaelewa uchungu wa kuambiwa hivyo baada ya siku mbili za kazi. Kikomo cha kundi la ulinganisho ni asilimia 10, yaani wanyama 2 kati ya 20, nawe una asilimia 15. Usijaribu kutoa hao watatu katika hesabu ya vyombo vingine ili mambo yalingane. Kundi la ulinganisho ndilo linalokuambia kwamba kilichowalemaza wanyama kwingine ni kemikali. Likishindwa, hujui tena unachopima.

Tafuta chanzo kabla ya kurudia. Anza na wanyama wenyewe. Wanapaswa kuwa na umri usiozidi saa 24 wakati wa kuanza, wasitoke katika uzao wa kwanza wa mama, na wakusanywe kutoka kundi la mama lenye afya. Ukiona madume katika tangi la ufugaji, au majike wamebeba yale mayai ya kulala yenye ganda jeusi gumu, au wamechelewa kuzaa, au rangi yao imebadilika, basi kundi hilo liko katika dhiki na watoto wake hawafai. Kisha angalia maji: klorini ya maji ya bomba, mabaki ya sabuni kwenye vyombo, au shaba kutoka kwenye mabomba inatosha kuua dafnia bila wewe kuongeza chochote. Angalia pia mkono wako. Dafnia anapodondoshwa kutoka kwenye pipeti juu ya uso wa maji, hewa inaweza kunaswa chini ya gamba lake naye akabaki akielea. Ncha ya pipeti izamishwe kwanza ndipo mnyama aachiliwe. Mwisho, pima oksijeni iliyoyeyuka, kwani mwishoni mwa kipimo haipaswi kuwa chini ya miligramu 3 kwa lita katika chombo chochote.

Ningekushauri pia upime mara kwa mara kemikali ya rejea, potasiamu dikromati, ambayo EC50 yake ya saa 24 inajulikana kuwa kati ya miligramu 0.6 na 2.1 kwa lita. Ukipata namba iliyo nje ya hapo, kasoro iko kwenye wanyama wako au kwenye utaratibu wako.

Je, wanyama walishwe na maji yapulizwe hewa katika saa hizo 48?

Yote mawili hayafanywi. Chakula hunasa sehemu ya kemikali, na hewa inayopulizwa huondoa kemikali zinazovukiza.

Kemikali yetu ni ya mafuta na haiyeyuki vizuri. Tuliongeza kiyeyushi hadi mchanganyiko ukaonekana safi. Kuna ubaya?

Kuna hatari mbili. Kiyeyushi chenyewe kinaweza kuwadhuru wanyama, hivyo kisizidi miligramu 100 kwa lita, na liwepo kundi jingine la ulinganisho lenye kiyeyushi peke yake. Hatari ya pili hupuuzwa zaidi: ukipita kiwango ambacho maji yanaweza kuyeyusha, kinachobaki ni matone au utando juu ya maji, na dafnia hunaswa humo na kushindwa kuogelea. Huo ni ulemavu wa kunaswa, si wa sumu, na kuuandika kama sumu ni kosa. Kemikali za namna hii hushikamana pia na kuta za chombo, kwa hiyo ulichopima kwenye mizani sicho kilichomo majini. Pima ukolezi halisi mwanzoni na mwishoni. Ukiwa umebaki ndani ya asilimia 20 ya ule uliokusudiwa, tumia namba uliyokusudia; la sivyo, tumia namba zilizopimwa.

Kiuatilifu kimoja kina EC50 ya makumi ya miligramu kwa lita kwa dafnia. Je, tunaweza kusema ni salama kwa wanyama wa majini?

Swali hili ndilo lililonifanya nikae chini kuandika, kwa sababu jibu lisilo sahihi lina gharama kubwa. Tuchukue imidakloprid, dawa ya kuua wadudu. Kwa dafnia, kipimo cha saa 48 huhitaji makumi ya miligramu kwa lita kabla ya nusu ya wanyama kulemaa. Mtu akisoma namba hiyo pekee atasema dawa haina madhara makubwa. Lakini viluwiluwi wa Chironomus, wadudu wanaofanana na mbu ingawa hawaumi, huathirika kwa mikrogramu chache tu kwa lita, yaani kiasi kidogo zaidi kwa maelfu ya mara. Dawa hiyo hulenga vipokezi vya neva vya wadudu, na vya dafnia haviitikii kwa nguvu hiyo. Kwa viuatilifu vya kundi la pirethroidi hali hugeuka, maana dafnia huweza kulemaa hata chini ya mikrogramu 1 kwa lita.

Kwa hiyo, kwa kiuatilifu chochote, uliza kwanza kinaua kwa njia gani, kisha uchague mnyama ambaye njia hiyo inamgusa. Kipimo cha saa 48 cha Chironomus kina mwongozo wake, namba 235. Kumbuka pia kwamba saa 48 ni sehemu ndogo ya maisha ya dafnia. Kemikali inayozuia kuambua gamba au kupunguza watoto inaweza kupita bila kuonekana, na ndiyo sababu kuna kipimo cha uzazi cha siku 21. Namba ya juu katika kipimo kifupi inakuambia tu kwamba dafnia wachanga hawakulemaa upesi.

Tulipima shaba kwa maji ya maabara, kisha kwa maji laini ya mto. Mtoni sumu ilionekana kali zaidi. Tuamini lipi?

Aminini yote mawili. Katika maji magumu, yaani yenye kalsiamu nyingi, kalsiamu hiyo hushindana na shaba kuingia mwilini mwa mnyama. Mabaki ya mimea yaliyoyeyuka nayo huifunga shaba isimfikie. Maji laini na safi hayana ulinzi huo. Kwa Daphnia magna hupendekezwa ugumu wa kati ya miligramu 140 na 250 kwa lita, ukihesabiwa kama kalsiamu kaboneti, ili maabara mbalimbali zilinganishe matokeo. Kwa ajili ya kulinda mto wenu, tumieni namba ya maji ya mto, na mwandike kando yake ugumu, pH (kipimo cha uasidi) na kiasi cha kaboni ya kikaboni iliyoyeyuka, ile ya mabaki ya mimea, siku ile mlipochota maji.