Nyaraka za serikali ya Marekani katika maktaba za vyuo vikuu: haki ya asiye mwanafunzi

Ndugu muuliza swali, umeeleza kwamba mlinzi wa maktaba ya chuo kikuu huko Marekani alikuzuia mlangoni kwa kuwa huna kitambulisho cha mwanafunzi, ilhali ulitaka kusoma tu kumbukumbu za vikao vya kamati ya Bunge. Nimefanya kazi kwa miaka mingi katika kaunta ya nyaraka za serikali kwenye maktaba ya aina hiyo, nami nakujibu bila kusita: ikiwa ni miongoni mwa maktaba zinazopelekewa machapisho ya serikali ya shirikisho bure, haki ya kuyasoma unayo, tena ni ya kisheria.

Utaratibu huu ulianza 1813, Bunge la Marekani lilipoagiza nakala za ziada za kumbukumbu zake zichapwe na kupelekwa kwenye vyuo, vyama vya historia na serikali za majimbo. Leo zimo maktaba zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa za vyuo, na sheria inazitaka ziwaachie wananchi wote wayatumie machapisho hayo bila malipo. Hata yakikaa kwenye rafu za chuo binafsi, yanabaki kuwa mali ya serikali. Chuo kinaweza kukuandikisha mlangoni na kukataa kukuazima, lakini hakiwezi kukunyima kuyasoma kwa sababu tu husomi hapo. Tafuta mlangoni nembo ya tai na kitabu, kisha omba kuonana na mkutubi wa nyaraka za serikali, ukimtaja kwa cheo hicho hicho, kwani walinzi wengi (nalisema hili kwa masikitiko) hawajawahi kuelezwa.

Ukishaingia, usitegemee kompyuta peke yake. Machapisho ya kabla ya 1976 mara nyingi hayamo katika katalogi ya kompyuta, na hapo itabidi ufungue orodha ya kila mwezi iliyochapwa tangu 1895. Isitoshe, rafu hazipangwi kwa mada bali kwa taasisi iliyotoa chapisho: A ni Wizara ya Kilimo, C 3 ni ofisi ya sensa, Y 4 ni kamati za Bunge. Nukta iliyomo katika namba hizo si ya desimali, hivyo A 1.9 hutangulia A 1.10; nimewaona watu wengi wakirudi kaunta kusema kitabu hakipo, kumbe kipo hatua chache mbele.

Namkumbuka mkulima mmoja mzee aliyekuwa na mgogoro juu ya maji yaliyotuama shambani kwake. Nilimpeleka kwenye A 57.38, ripoti za upimaji wa udongo za kila kaunti, tukakunjua ramani za nyuma ya kitabu, ambazo mipaka ya aina za udongo imechorwa juu ya picha zilizopigwa kutoka angani. Alilifuata shamba lake kwa kidole, akasoma kwamba udongo ule haupitishi maji kwa urahisi, akaomba kurasa zile zitolewe nakala. Hakuna aliyemuuliza anasoma wapi, na ndivyo inavyopasa kuwa.

Wapo watakaokwambia kila kitu kiko kwenye tovuti ya govinfo. Ni tovuti nzuri na ya bure, lakini machapisho mengi ya zamani hayamo. Tena, maktaba ndogo zinaruhusiwa kuondoa nakala zilizokaa miaka 5 kwa idhini ya maktaba ya kanda. Kwa hiyo ukikosa katika chuo ulichokwenda, waombe waulizie kwenye maktaba hiyo ya kanda, ambayo kazi yake ni kutunza kwa kudumu.

Barua na majalada ya ndani ya ofisi usiyatafute huko, kwa maana hayo huombwa kwa taasisi yenyewe chini ya sheria ya uhuru wa habari ya 1966. Vikao unavyovitaka wewe, mradi vilichapishwa, utavikuta chini ya Y 4. Nenda na jina la kamati pamoja na mwaka wa kikao, na mkutubi ataanzia hapo.