Kuiandaa Familia Kuondoka Nyumbani Haraka Wakati wa Dharura

Sisi tunaoishi kwenye mteremko wa Mabatini, jijini Mwanza, tuna mawe juu yetu na Mto Mirongo chini yetu. Familia nyingi hapa mtaani, zinapofikiria dharura, huanza kwa kufungasha begi. Kwa uzoefu wa nyumbani kwetu, muda mwingi hupotelea mlangoni, na mwingine hupotea watu wanapoulizana nani amshike nani mkono.

Nyumba zetu zina nondo madirishani na mlango wa chuma unaofungwa kwa kufuli usiku kwa kuhofia wezi, na mara nyingi ufunguo hulala chumbani kwa baba. Baba akiwa safarini, au moshi ukijaa sebuleni huku umeme umekatika, kinga hiyo dhidi ya wezi hugeuka kuwa kifungo cha wenye nyumba. Kwa hiyo ufunguo wetu wa akiba unaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, mahali ambapo mkono wa mtu aliye nje hauwezi kufika lakini mtoto wa darasa la tatu anaufikia bila kupanda kiti, na kila mtoto wa umri huo amefundishwa kufungua kufuli gizani. Tunalifanya zoezi hilo baada ya chakula cha usiku, taa zikiwa zimezimwa, kila mkubwa akiwa na mdogo wake wa kumshika, na viatu vikiwa karibu na kitanda kwa sababu njia zetu zimejaa chupa zilizovunjika na misumari ya mabati.

Mahali pa kukimbilia hutegemea hatari yenyewe, na hili wengi hawalizungumzi. Mto ukifurika tunapanda, wala hatujaribu kuvuka, kwa kuwa maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mvua inapoosha udongo ulioshikilia jiwe kubwa, anayekimbia kuteremka moja kwa moja anabaki kwenye njia ya jiwe hilo, kwa hiyo hapo tunakimbia kwa pembeni, kukatisha kilima, mpaka tutoke kwenye njia yake. Nyufa mpya ardhini na vijiwe vinavyodondoka kutoka juu zinatosha kutuondoa, hata kama majirani wanaona tuna hofu kupita kiasi.

Mama mkwe wangu, ambaye magoti yanamsumbua, aliwahi kutuambia, "Wanangu, nyinyi tangulieni na watoto, mimi mtanikuta." Nilimjibu, "Mama, hatuondoki bila wewe, kwa hiyo tutafute namna." Namna tuliyoipata ni kiti cha plastiki chenye mikono, kinachobebwa na watu wawili, pamoja na kijana wa jirani aliyekubali kusaidia nisipokuwepo. Mtu asiyeweza kutembea apangiwe wabebaji kwa majina, na wabebaji hao wajaribu kushuka naye ngazi za mawe mchana, kwani sehemu nyingi za vilima vyetu hazifikiwi na gari la zimamoto wala la wagonjwa.

Begi ni jambo jepesi zaidi: nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na hati ya kiwanja ndani ya mfuko usiopitisha maji, dawa za presha za Mama, ambazo hubadilishwa kabla hazijaisha muda, tochi, na noti ndogondogo, kwa sababu simu ikizimika fedha zilizomo hazitoki. Namba za ndugu, za mwenyekiti wa mtaa na ile ya Zimamoto, 114, ziandikwe kwenye karatasi. Gesi ifungwe kwenye mtungi ikiwa mtungi wenyewe uko kwenye njia ya kutokea, na swichi kuu ya umeme isiguswe na mtu aliyesimama majini.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya mvua kubwa, Mama na mtoto mchanga huondoka mapema, kungali mchana, kwenda kulala kwa ndugu anayeishi mbali na mto na mawe. Tukilazimika kuondoka sote, hatuingii tena ndani mpaka kupambazuke, na kabla ya kuingia kuta hukaguliwa kwa nje, hasa zile za tofali za udongo, ambazo zikishalowa zinaweza kuanguka hata baada ya mvua kukatika.