Beetle inasita, kisha inagonga mlimani: distributa au kabureta?

SWALI: Nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1971 yenye injini ya 1600. Distributa yake (kifaa kinachogawa cheche kwa silinda) ilipokufa, fundi alinifungia nyingine isiyo na mpira wa vakyumu. Tangu siku hiyo gari linasita nikikanyaga mafuta ghafla. Fundi aliigeuza distributa huku akiisikiliza injini mpaka kusita kukapungua, lakini sasa nikipanda mlima wa Kitonga injini inagonga na kupata moto kupita kiasi. Je, ninunue kabureta mpya? — Msomaji, Iringa.

JIBU: Usinunue kabureta kwanza, na tafadhali usilipandishe tena gari hilo mlimani mpaka taimingi (wakati cheche inaporuka) ipimwe, kwa sababu mlio huo wa kugonga ndio unaotoboa pistoni, na injini inayopozwa kwa upepo haina maji ya kuisitiri.

Distributa uliyofungiwa inategemea vizito vyake vya ndani peke yake, ambavyo hufunguka kadiri injini inavyozunguka kwa kasi. Ile ya awali ilisaidiwa na vakyumu, yaani mvuto wa hewa kutoka kwenye kabureta, na kabureta ya gari lako, kama bado ni ile ya kiwandani, ilitengenezwa ikiutegemea msaada huo. Ukikanyaga mafuta ghafla vizito havijapata kasi ya kufunguka, cheche inachelewa, na gari linasita. Fundi wako alilitibu hilo kwa kuiwahisha cheche tangu injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikizunguka bila kukanyagwa mafuta. Kusita kulipungua kweli, lakini nyuzi (digrii) za kuwahi alizoongeza huko chini zinajumlishwa na zile za vizito injini inapokolea, na jumla ikavuka kiasi ambacho injini inaweza kustahimili.

Hata hivyo, kabla ya kuigusa taimingi anza na pointi, yaani vile vipande viwili ndani ya distributa vinavyokata umeme ili cheche itoke, kwani anayepanga taimingi kwanza atalazimika kuirudia. Fungua kifuniko cha distributa uzitazame: ukikuta upande mmoja umeota kipele na upande wa pili una kishimo, zibadilishe pamoja na kondensa. Nafasi kati ya pointi iwe milimita 0.4, ikipimwa pale nundu ya shafti inapozifungua hadi mwisho. Nafasi ikiwa kubwa cheche huwahi, ikiwa ndogo huchelewa, na ndiyo maana kile kisigino cha pointi kinavyolika polepole taimingi huhama bila mtu kuigusa. Halafu ishike shafti kwa vidole uitikise kwenda pembeni. Ikicheza, nafasi haitalingana kwa silinda zote nne, na hakuna mpangilio utakaotulia.

Sasa zungusha puli ya kranki kwa spana kufuata mshale wa saa, ukiwa umesimama nyuma ya gari, mpaka rota (kile kipande kinachozunguka juu ya shafti ya distributa) ielekee kwenye mkwaruzo ulio ukingoni mwa distributa, yaani silinda namba 1, na alama ya nyuzi 7.5 kabla ya pistoni kufika juu ilingane na mstari wa katikati wa bloku. Thibitisha alama hiyo, kwa kuwa puli za Beetle hazifanani. Chukua taa ndogo ya volti 12, waya mmoja kwenye koili upande unaokwenda kwenye distributa, mwingine kwenye bodi, kisha washa swichi. Legeza kishikio cha distributa, geuza distributa kufuata mshale wa saa mpaka taa izime, kisha irudishe taratibu sana. Kaza papo hapo taa inapowaka.

Kipimo cha kukatia shauri, hata hivyo, ni cha injini ikiwa kwenye kasi. Pima mzingo wa puli kwa utepe, gawanya kwa 12, na jibu lake ndio umbali wa nyuzi 30. Upime kuanzia alama ya pistoni kuwa juu kabisa, kuelekea kulia, upake rangi nyeupe. Injini ikizunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika, mulika kwa taa ya taimingi: rangi hiyo isimame kwenye mstari wa bloku, na jumla isizidi nyuzi 32. Rangi ikirukaruka, rudi kwenye shafti. Sikio halina uwezo wa kuisoma jumla hii, hata la fundi mzoefu.

Ukimaliza, kugonga kutakoma, lakini kusita kutarudi kwa kiasi fulani, na sitaki ukaambiwa uigeuze distributa tena. Tiba ninayoiamini ni kutafuta distributa yenye vakyumu inayooana na kabureta hiyo. Ukiipata iliyotumika, vuta hewa kwa mdomo kwenye mpira wake huku ukitazama ndani: sahani inayobeba pointi lazima isogee na ibaki hapo muda wote unaposhikilia pumzi. Isiposogea, huenda kiwambo (utando unaovutwa na hewa) kimepasuka, usiilipie.